Mtoto Asiyetumwa Dukani

Mwambie jirani yako wa Umoja au Kawangware kwamba kijana wako anaenda rihabu, naye atashusha sauti akuulize alianza kunywa lini. Nairobi neno hilo limeshikwa na pombe na dawa za kulevya. Mzazi wa kijana mwenye ulemavu hubaki hana hata jina la kitu anachokitafuta. Wengine husema "urekebishaji", wengine "ukarabati", maneno tunayoyatumia pia kwa barabara yenye mashimo na paa linalovuja. Watanzania wametushinda hapo: wao huziita huduma za utengamao. Mtu hutengamaa mwenyewe, kama nchi inavyotulia baada ya msukosuko. Redio ndiyo hurekebishwa. Nitalitumia neno hilo la majirani, maana tofauti iliyomo ndani yake ndiyo inayowatatiza wazazi, walimu na hata baadhi ya wahudumu wa afya.

Tuwafikirie vijana wawili. Sitawapa majina, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya viungo hapa mjini atawatambua. Wa kwanza ana miaka 24, alikuwa mwendesha bodaboda, akagongwa Outering Road akaumia uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hahisi wala hasogezi kitu. Wa pili ni binti wa miaka 19, anaishi Umoja ghorofa ya pili, na ana mtindio wa ubongo tangu siku aliyozaliwa akachelewa kulia. Mkono wake wa kulia umejikunja kifuani, miguu hukaza anapotaka kuharakisha, maneno hutoka polepole. Akili yake ni timamu.

Wote wawili wataandikiwa tiba ya viungo, na faili zao huenda zikarundikwa kwenye meza moja. Lakini kazi si moja. Yule wa bodaboda anajua maisha. Amelipa kodi ya nyumba, amebishana bei ya spea, amewahi kudanganywa na kudanganya. Anachohitaji ni njia mpya ya kufanya mambo anayoyafahamu. Binti hana pa kurudi. Kwake kila kitu kinajengwa kwa mara ya kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unazitaja kazi hizo mbili waziwazi katika kifungu cha 26, kila moja kwa neno lake: kumjengea mtu uwezo ambao hajawahi kuwa nao, na kumrudishia mtu uwezo alioupoteza. Sisi tunazitia kapu moja, kisha tunashangaa kwa nini miaka kumi ya kunyooshwa misuli haijamfanya binti yetu aweze kukaa nyumbani peke yake kwa saa mbili.

Hebu kumbuka wewe mwenyewe ulivyojifunza kujitegemea. Hakukuwa na darasa. Ulitumwa. Ukiwa na miaka sita ulipewa sarafu ukaambiwa lete chumvi, na chenji usipoteze. Ukaipoteza. Ukakaripiwa, ukalia, na kesho yake ukatumwa tena. Katika safari hizo za dukani ulijifunza kukumbuka maneno matatu njia nzima, kuhesabu, kumkwepa mbwa wa jirani, kumwambia mtu mzima aliyekuruka kwenye foleni kwamba wewe ulitangulia. Mtoto mwenye ulemavu hatumwi. Anatumwa mdogo wake. Yeye anaonewa huruma, anakalishwa mbele ya televisheni na chai anawekewa karibu. Akifika miaka 19 tunamwona hawezi kuchagua hata nguo ya kuvaa, tunasema ni ugonjwa. Sehemu ya hali hiyo ni ubongo ulioumia siku ya kuzaliwa, na hilo haliponi. Sehemu nyingine ni miaka kumi na tatu ya kutotumwa. Hiyo inatibika, na kwa vijana ndiyo kazi kubwa ya utengamao.

Nao si wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu 900,000 wenye ulemavu nchini, yaani asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba duniani kote ni mtu mmoja kati ya kila sita. Pengo hilo kwa sehemu linatokana na namna maswali yanavyoulizwa. Sehemu nyingine, naamini, ni vijana wanaosukumwa chumba cha ndani mgeni anapobisha hodi.

Kujitegemea ni nini hasa

Wazazi wengi huelewa kujitegemea kuwa ni kufanya kila kitu bila kushikwa mkono. Kwa kipimo hicho binti yetu hatajitegemea kamwe, na wapo wataalamu waliomwambia mama yake hivyo. Kipimo chenyewe ndicho chenye kasoro. Mimi sijui kuunganisha stima, maji ya nyumbani kwangu yanaletwa na mtu mwenye mkokoteni mifereji ikikauka, na mjini ninafika kwa sababu kuna dereva. Hakuna anayeniita tegemezi, kwa kuwa ninayeamua niende wapi ni mimi.

Mmarekani Ed Roberts alipooza kuanzia shingoni kwa sababu ya polio akiwa na miaka 14. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, usiku akilala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakafungua huko Berkeley kituo cha maisha ya kujitegemea kilichokuja kuigwa kote nchini Marekani na nje. Kujivalisha shati hakuweza. Alikuwa na wasaidizi, akawachagua na kuwaelekeza yeye mwenyewe. Kwa Roberts na wenzake, mtu anayejitegemea ni yule mwenye usukani wa maisha yake, hata kama mikono inayofanya kazi ni ya mwingine.

Hapa kwetu tuna Henry Wanyoike wa Kikuyu. Mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alipatwa na kiharusi usiku na kupoteza karibu uwezo wote wa kuona. Alipitia mafunzo katika chuo cha wasioona cha Machakos, akajifunza kufuma, kisha akarudi kwenye mbio. Mwanariadha asiyeona hukimbia na mwongozaji, wakiunganishwa na kamba fupi, na kanuni za mbio hizo hazimruhusu mwongozaji kumvuta wala kumtangulia kwenye utepe. Katika Michezo ya Walemavu ya Sydney mwaka 2000, mita 5,000, mwongozaji ndiye aliyeishiwa nguvu. Wanyoike, asiyeona, akamkokota hadi mwisho na kutwaa dhahabu. Mzazi anayeniuliza msaada uwe kiasi gani, humwambia afikirie ile kamba. Haikatwi, lakini mwendo si wa mwongozaji.

Asubuhi moja ya Umoja

Huduma inayojulikana zaidi ni tiba ya viungo, ile ya kunyoosha misuli, kufunza mizani, kusimama na kutembea. Tiba ya kazi inajulikana kidogo, na jina lake hupotosha: watu hudhani ni kutafutiwa ajira. Kazi hapa ni kila kinachojaza siku ya mtu, kuanzia kupiga mswaki, kuoga, kuvaa, kupika, hadi kucheza na kusali. Mtaalamu wake huuliza swali dogo ambalo wengi hawajawahi kuulizwa: asubuhi unafanya nini, na unakwama wapi?

Binti yetu anakwama kwenye fulana. Kuna kanuni ya kale katika tiba hii: mkono dhaifu huingia kwanza na hutoka mwisho. Mkono uliojikunja ukiingizwa wakati nguo bado imelegea, mkono wa pili ulio mzima una nafasi ya kujipinda kumalizia. Wengi hufanya kinyume, nguo ikabana, misuli ikakaza kwa hasira, na mama akaamua kumvalisha mwenyewe. Kanuni ya pili ni kufundisha kutoka mwisho. Mama anafanya hatua zote isipokuwa ya mwisho, kuishusha fulana hadi kiunoni, na hiyo anaifanya binti. Wiki mbili baadaye anafanya mbili za mwisho. Kila siku ni yeye anayemaliza, kwa hiyo kila siku inaisha akiwa amefaulu. Ukianzia mwanzo anachoka katikati, na kila siku inaisha kwa kushindwa.

Jikoni, fundi wa jua kali anaweza kupigilia misumari miwili kwenye ubao, ncha zikitazama juu. Kiazi kinadungwa hapo kikatulia, na mkono mmoja unatosha kukimenya. Kitambaa chenye unyevu chini ya bakuli hulizuia lisiteleze. Bafuni, kiti cha plastiki cha kawaida na kopo lenye mpini mrefu vinatosha kumfanya aoge bila kushikwa. Sufuria ya moto hasogezi; anazima jiko kwanza na kuchota kwa upawa. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachoagizwa ng'ambo, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu familia nyingi zinasubiri miaka mashine ambayo hawataipata, na misumari miwili ipo kwa muuza vifaa pale chini.

Sasa tufike kwenye ugumu wenyewe, ambao vipeperushi huuruka. Mama akimvalisha binti ni dakika nne. Binti akijivalisha ni dakika arobaini. Mama anauza nguo Gikomba, na asipofika alfajiri amekosa bidhaa nzuri. Mtaalamu anayemwambia "mwache ajivalishe" bila kuuliza saa ngapi anaondoka hajamsaidia. Kujitegemea hununuliwa kwa muda, na maskini hana muda. Njia ninayoiona inafaa ni kuchagua jambo moja tu na kulitengea nafasi yake: fulana ni Jumamosi na Jumapili, siku nyingine avalishwe bila mtu kujilaumu. Tena upo wakati wa kuamua kwamba kuvaa si muhimu kuliko vingine. Mwili wenye mtindio hutumia nguvu nyingi kwa harakati ndogo. Kijana akimaliza nguvu zake zote kwenye vifungo vya shati, darasani atasinzia. Akichagua mwenyewe asaidiwe kuvaa ili awe na nguvu za kusoma, huo ni uamuzi wa mtu mzima, na mtaalamu mzuri ataandika hivyo kwenye faili bila kuhesabu kuwa ameshindwa.

Kiti cha magurudumu nacho kina elimu yake. Kwetu kimekuwa zawadi: viti hupangwa uwanjani, kila mmoja anakabidhiwa cha kwake, picha zinapigwa. Shirika la Afya Duniani limeigawa huduma ya kiti katika hatua nane, kuanzia kumfikisha mtu kliniki na kumpima, kuandika kiti kinachomfaa, kutafuta fedha, kukitayarisha, kukilinganisha na mwili wake, kumfunza kukitumia, hadi kukifuatilia na kukitengeneza. Kukabidhi ni kipande kidogo cha hatua hizo. Kiti kipana mno humfanya mtoto aegemee upande mmoja, na mgongo unaoendelea kukua hufuata upande huo. Kiti kisicho na mto kinaweza kumuua kijana wa bodaboda. Yeye hahisi makalio. Ngozi iliyobanwa hukosa damu, hufa kimyakimya, na kidonda hufika mfupani kabla ya mtu kukiona. Kwa hiyo anafundishwa kujiinua au kuinama mbele kila baada ya nusu saa au chini ya hapo, dakika moja au mbili, maisha yake yote, na kujikagua kwa kioo asubuhi na jioni. Kwa njia zetu za mawe na matope, kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu la mbele kubwa kawaida humtumikia mtu vizuri kuliko kile cha hospitali chenye magurudumu madogo yanayozama. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini, kilichoanza mwaka 1958 na chenye makao yake Waiyaki Way, hutengeneza viti na vyuma vya miguu. Uliza pia tairi likitoboka nani ataliziba. Kiti ambacho fundi wa baiskeli wa mtaani anaweza kukitengeneza kina thamani kuliko cha kifahari kinachongoja spea.

Mambo yasiyosemwa mbele ya watu

Kijana wa bodaboda akibahatika atapata kitanda katika hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo, kule Hurlingham. Ndugu wakija kumwona, swali lao la kwanza ni atatembea lini. Nalielewa, ni swali la upendo. Lakini uti ukikatika kabisa, dawa ya kuuunga haijapatikana, na kila mwezi unaopita katika kusubiri miguu ni mwezi uliokosa kufunza mengine. Swali linalompa mtu maisha ni jingine, na wengi huona haya kuliuliza: akiwa peke yake, atakojoaje?

Kibofu kisichopata habari kutoka kwenye ubongo hujaa bila mwenyewe kujua. Mkojo hurudi juu kuelekea kwenye figo, vijidudu huzaliana, na figo huharibika. Kwa hiyo anajifunza kujiingizia mwenyewe mpira mwembamba wa kutolea mkojo, kwa mikono iliyonawa vizuri, kila baada ya saa nne hadi sita. Haja kubwa huzoeshwa saa moja isiyobadilika, mara nyingi nusu saa baada ya kula, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo hujisukuma wenyewe. Akiyamudu haya mawili anaweza kukaa kazini siku nzima, kwenda harusini, kulala ugenini. Asipoyamudu, hata akipewa kiti cha thamani gani atajifungia ndani kwa kuogopa harufu. Nimeona vijana wenye mikono yenye nguvu na akili kali waliokaa nyumbani miaka kwa sababu hiyo moja, na hakuna mtu nyumbani aliyeitaja.

Kwa binti, jambo lisilosemwa ni hedhi, na mikono ya nani inagusa mwili wake. Chupi inayofunguka pembeni kwa velkro, sodo iliyobandikwa kabla ya kuvaliwa, kiti cha plastiki na mlango unaofungwa kwa ndani: hivi vinamwezesha kujihifadhi mwenyewe, na kumhifadhi ni pia kumlinda. Mtoto aliyezoea kuvuliwa nguo na kila anayeingia, shangazi, jirani, msaidizi wa nyumbani, hakui akijua kwamba mwili huo ni wake na kwamba anaweza kukataa. Ndiyo maana hata kama atahitaji kusaidiwa daima, afundishwe kusema nani amsaidie na aanzie wapi, na kila anayemsaidia abishe mlango kwanza.

Namba ya siri iko kwa nani?

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko fomu zote za tathmini: namba ya siri ya M-Pesa ya huyu kijana inajulikana na nani? Vijana wengi wenye ulemavu hawana hata laini, kwa sababu hawana kitambulisho. Wametimiza miaka 18 na hakuna aliyefikiria kuwapeleka kukichukua, kana kwamba utu uzima haukuwahusu. Bila kitambulisho hakuna laini ya jina lako, hakuna akaunti, hakuna mkataba wa kazi wala kura. Ningeanzia hapo kabla ya zoezi lolote la misuli, kisha usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambao huhitaji tathmini ya hospitali na ndio mlango wa misaada ya vifaa na msamaha wa kodi.

Kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuandikishwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii na kupata KSh 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo kwa kawaida hupitia kwa mlezi, na zinaishia kwenye unga na mafuta kama ilivyo kawaida ya nyumba yoyote yenye dhiki. Silaumu. Lakini hata KSh 100 zikitolewa humo zikawa za binti, aziharibu atakavyo, zitamfundisha kitu ambacho kliniki haina. Atanunua pipi zote siku moja, na siku ya pili atakosa. Kwa kijana mwenye ulemavu wa akili, pesa zinaweza kugawanywa katika bahasha zenye picha, ya nauli, ya chakula, ya starehe. Mkataba ule wa Umoja wa Mataifa, katika kifungu cha 12, unasema mtu asaidiwe kufanya uamuzi wake, haukusema aamuliwe. Kumsaidia ni kumpa machaguo mawili badala ya ishirini, kumpa muda wa kujibu, na kukubali jibu lake hata likiwa shati la rangi usiyoipenda.

Kazi ya ajira nitaipitia upesi, maana inahitaji makala yake. Nairobi kuna chuo cha ufundi cha viziwi kule Karen, na serikali ina vituo vya mafunzo ya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kimoja kikiwa hapa mjini. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataka asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma ziende hatua kwa hatua kwa watu wenye ulemavu, na mwenye cheti cha msamaha halipi kodi kwa KSh 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Udhaifu ninaouona ni mpangilio: kijana hufundishwa ufundi kwanza miaka miwili, kisha ndipo soko linatafutwa, na soko halipo. Uzoefu wa nchi nyingi umeonyesha njia ya kugeuza: mtafutie nafasi halisi kwanza, hata ya saa chache kwenye duka la nakala au saluni, kisha mwalimu amfuate hukohuko amfundishe kazi ile ile mahali pale pale. Ujuzi wa karakana hauhami kirahisi kwenda mahali pengine, hasa kwa mwenye ulemavu wa akili.

Hadi steji

Lipo jambo ambalo hakuna tiba italitatua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliagiza magari ya abiria yatengenezwe yawafae. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na matatu bado ina ngazi ndefu, mlango mwembamba na makanga anayepiga ubavu wa gari twende. Wenye viti hupitwa, au hutozwa nauli ya kiti cha magurudumu pia. Sheria mpya, iliyotokana na mswada wa Seneta Crystal Asige ambaye mwenyewe haoni, ilitiwa saini mwaka 2025. Hadi hapo ngazi zitakapobadilika, hesabu ya kujitegemea kwa kijana wa Nairobi lazima iwe na mji ndani yake. Akishindwa kupanda gari, kilichoshindwa ni gari.

Hata hivyo kuna kinachofundishika, na mahali pa kukifundishia ni steji. Ningependa kila mtaalamu wa tiba ya kazi atoke kliniki angalau mara moja amfuate kijana wake barabarani. Siku ya kwanza ni ngazi za ghorofa tu hadi langoni na kurudi. Siku nyingine ni hadi kwenye lami. Kisha steji, saa nne asubuhi magari yakiwa matupu, bila kupanda, kuangalia tu. Kisha kupanda na mama akiwa kiti cha nyuma asiongee. Binti yetu, ambaye maneno yake huchelewa, anabeba kadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: NIPE MUDA NIPANDE. NINASHUKA MJINI. Kwa asiyeona, mafunzo ya fimbo nyeupe hufuata utaratibu huohuo: chumba, ua, mtaa aliouzoea, mtaa mgeni, kuvuka barabara.

Mama ataogopa, na woga wake una sababu. Binti anaweza kuanguka, kuibiwa simu, kupotea. Lakini mwaka 1972 Mmarekani Robert Perske aliandika kwamba kumkinga mtu na kila hatari ni kumvunjia heshima, kwa sababu kuthubutu ni sehemu ya kuwa mtu. Nadhani alisema kweli, mradi hatari ipimwe: simu ya bei nafuu, namba mbili zilizohifadhiwa, mwenye duka aliyearifiwa, na saa ya kurudi inayojulikana.

Kwa hiyo kama una kijana kama huyu nyumbani na miadi ya kliniki ni wiki ijayo, anzia karibu zaidi ya kliniki. Mpe pesa zaidi kidogo kuliko zinazohitajika, mwambie akalete maziwa pale chini kwa mama wa kibanda. Usimtume mdogo wake amfuate kwa siri. Atachukua dakika ishirini na tano. Huenda akarudi na maziwa lala badala ya maziwa ya chai, na shilingi kumi zisionekane. Mkaripie, si zaidi na si chini ya vile ungemkaripia dada yake. Kesho yake, chumvi ikiisha, mwite jina lake.